Namba ya Mabehewa Matatu

Watu wengine wakistaafu hufuga kuku. Lutengano wa Iyunga, kule Mbeya, alistaafu akafuga namba, tena moja tu, na akaihudumia kwa karibu miaka mitatu.

Ilianza siku yake ya mwisho kazini. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa karani wa mabehewa. Treni ya mizigo ikiingia, yeye hutembea kandokando ya reli na ubao wake mkononi, akiandika namba ya kila behewa. Ungesema ni kazi ya kuchosha, lakini yeye haikumchosha, kwa sababu kila namba aliyoiandika aliigawanya kichwani kabla hajalifikia behewa linalofuata. 351? Tatu mara tatu mara tatu mara kumi na tatu. 437? Kumi na tisa mara ishirini na tatu, na hiyo ilimfurahisha mpaka jioni. Zile zilizokataa kugawanyika kwa chochote isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe, yaani namba tasa kama tulivyofundishwa shuleni, aliziwekea nukta ndogo pembeni. Mkubwa wake aliwahi kumuuliza nukta zile ni za nini. Akajibu kwamba ni za breki, na mkubwa akaridhika.

Siku hiyo ya mwisho mvua ilishuka ghafla. Mabehewa matatu ya mkiani yalikuwa 664, 479 na 643, naye kwa haraka ya kukimbia maji akayaandika bila kuacha nafasi. Alipofika chini ya paa na kufuta miwani, akaona kwamba ameandika namba moja ndefu: 664,479,643. Akaitazama vizuri. Mbili haiingii, tano haiingii. Ukijumlisha tarakimu zake unapata arobaini na tisa, kwa hiyo tatu nayo haiingii. Akajaribu ujanja aliougundua mwenyewe relini: chukua behewa la kwanza, toa la pili, ongeza la tatu. Hapo unapata 828. Kama 828 haigawanyiki kwa saba, wala kwa kumi na moja, wala kwa kumi na tatu, basi na ile ndefu haigawanyiki kwa hizo. Na kweli 828 haigawanyiki.

"Wewe," Lutengano aliiambia ile namba, "twende nyumbani."

Kabla hujamcheka, elewa mzigo aliojitwika. Ukitaka kujua kama namba ni tasa, huna haja ya kuijaribu kwa kila namba iliyo chini yake. Unaijaribu kwa namba tasa peke yake, tena unaishia kwenye kipeuo chake cha pili, kwa kuwa namba ikiwa na vigawo viwili, kimojawapo lazima kiwe hapo au chini ya hapo. Kwa namba ya Lutengano mpaka ulikuwa 25,777. Chini ya mpaka huo zipo namba tasa zaidi ya elfu mbili na mia nane. Kwa zote hizo alitaka kuigawanya namba yake, tena kwa mkono. Simu yake ya vitufe ilikuwa na kikokotoo, lakini alikidharau. Alisema mashine inakupa jibu na kukunyima njia.

Akanunua kaunta buku mbili, yale madaftari manene, sokoni Mwanjelwa. Katika ile nyekundu alichambua namba mpaka zikabaki tasa tupu, na kazi hiyo peke yake ilimla miezi minne. Ile nyeusi ikawa ya kugawanyia. Utaratibu wake ulikuwa huu: kila Jumapili akitoka ibadani, anachukua namba tasa ishirini zinazofuata kwenye daftari jekundu, anazipiga tiki, kisha anazipanga pembeni mwa ukurasa mpya wa daftari jeusi, moja chini ya nyingine. Kuanzia Jumatatu anagawanya kwenye karatasi chakavu, anahakiki mara mbili, na mbele ya kila namba anaandika kitu kimoja tu: baki.

Mkewe Tusekile hakuwa mtu wa hesabu. Kila jioni alisimama mlangoni mwa jiko na kuuliza kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili, "Imebaki?"

"Imebaki."

"Haya, njoo ule."

Wiki ya sitini na mbili, Jumapili, Lutengano alipanga namba zake ishirini kama kawaida, kuanzia 9,949 hadi 10,151. Alasiri ile Tusekile akasema kichwa kinamuuma. Jumatatu wakampeleka hospitali. Jumanne akafariki.

Nyumba ikajaa watu. Joachim, mzee wa kanisa, alitaka karatasi ya kupangia zamu: nani achimbe kaburi, nani alete kuni, nani achote maji bondeni. Juu ya meza akakuta daftari jeusi, na ndani yake ukurasa mweupe ambao pembeni umeshatiwa namba tayari. Kwamba orodha ilianzia 9,949 badala ya moja halikumsumbua hata kidogo. Alidhani ni mambo ya reli. Akamshukuru Mungu, akaandika jina moja mbele ya kila namba. Majina ishirini, yakatosha barabara.

Wiki mbili baadaye Lutengano alilifungua daftari, akakutana na mwandiko wa Joachim. Kaburi. Kuni. Maji. Hakusoma zaidi. Alikwenda jikoni, akakoroga unga wa ngano na maji ya moto, akaupaka ukurasa ule na kuubandika kwa ukurasa unaotazamana nao, akaugandamiza kwa pasi ya mkaa iliyopoa. Siku chache baadaye Joachim akaja kuomba ile orodha, kwa sababu ni desturi matanga yakiisha majina ya waliosaidia yasomwe kanisani na mfiwa asimame kushukuru.

"Daftari halionekani," Lutengano alisema. Lilikuwa chini ya mto wake.

Basi majina hayakusomwa, na Lutengano hakusimama. Kwa watu wa kule hilo si jambo dogo. Wapo walioacha kupita kwake. Yeye naye alishukuru kwamba hawapiti, akarudi kwenye namba yake. Daftari jekundu lilikuwa na tiki mpaka 10,151, kwa hiyo akaanza na 10,159, akasonga mbele wiki baada ya wiki. Siku alipofika mwisho, baada ya mwaka mmoja na nusu, namba bado ilikuwa nzima. Hakuna iliyoigawanya. Akakaa na tasa yake kifuani, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza kama imebaki.

Mtu pekee aliyeendelea kumsemesha alikuwa Yusta, jirani wa upande wa kisima, mwenyeji wa Iringa aliyeolewa Mbeya, muuza ndizi Mwanjelwa. Sauti yake haikuwa na habari na ua wala ukuta. "Kamwene, mzee!" alisalimia kwa lugha ya kwao. "Bado unagawanya?" Lutengano alijibu kwa kukohoa. Alijiambia kwamba mama huyu ana kelele. Ukweli ni kwamba tangu msiba hakuweza kumtazama usoni, na sababu hakutaka kuitafuta.

Miaka miwili ikapita hivyo. Halafu Eveline, binti wa marehemu kaka yake, akamwita Iringa kwenye kipaimara cha mwanawe. Eveline alikuwa anafundisha hisabati chuoni huko. Lutengano alifunga zawadi ya mtoto kwenye mfuko mmoja, na kwenye mfuko wa pili akalifunga daftari jeusi kwa kitenge cha Tusekile. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyejua hesabu aliyewahi kuliona, naye alikuwa na hamu kama ya mtoto ya kusifiwa.

Siku ya pili ya sherehe, wageni walipokwisha kuondoka, walikaa barazani, mji wa Iringa ukiwa umetandazwa mlimani mbele yao. Eveline alifunua kurasa moja moja.

"Baba mdogo, hizi zote ni kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Mungu wangu. Na umeona ni tasa?"

"Nimeona mwenyewe."

Eveline alikwenda ndani, akarudi na kompyuta yake. Aliandika namba, akaongeza mistari miwili mitatu, akabonyeza. Kisha akanyamaza, akabonyeza tena. Lutengano aliujua ukimya ule. Ndio ambao daktari alikuwa nao ile Jumanne.

"Baba mdogo, inasema si tasa."

Lutengano alilitazama daftari. Zaidi ya kurasa mia moja na arobaini. "Inagawanyika kwa ngapi?"

"Hilo haijasema."

"Haijasema?" Alivua miwani. "Sasa kama haijui kinachoigawanya, imejuaje kwamba inagawanyika?"

Na hapa ndipo utakapomjua Lutengano ni mtu wa namna gani, maana mwingine angenuna, lakini yeye alisogeza kiti. Eveline alichukua karatasi. "Chukua saba. Punguza moja, unapata sita. Sasa zidisha mbili sita kwa pamoja, yaani mbili mara mbili mara mbili mpaka zitimie sita: sitini na nne. Gawanya kwa saba."

"Tisa, baki moja."

"Kila namba tasa, ukiacha mbili yenyewe, iko hivyo. Lazima ibaki moja. Sasa chukua tisa. Mbili nane kwa pamoja ni 256."

Lutengano aligawanya midomo ikichezacheza. "Ishirini na nane, baki nne."

"Umeona? Tisa si tasa, na hatujaitaja tatu hata mara moja."

Alimnyang'anya kalamu. Akajaribu kumi na moja: ikabaki moja. Akajaribu kumi na tano: ikabaki nne. Chai ikapoa. "Na haiwezi kudanganya?"

"Inaweza, lakini upande mmoja tu. Zipo chache zinazopita mtihani huu na wala si tasa. 341 ni mojawapo, nayo ni kumi na moja mara thelathini na moja. Ila tasa ya kweli haiwezi kufeli. Yako imefeli, baba mdogo. Ilitakiwa ibaki moja, limebaki lundo la tarakimu."

"Kwa hiyo inajua imevunjika, ila haijui wapi."

"Ndiyo hivyo. Lakini nikibonyeza hapa, itatafuta vigawo yenyewe. Sekunde moja tu."

Lutengano aliweka kiganja chake chote juu ya vitufe. "Usibonyeze."

"Hutaki kujua?"

"Nataka sana. Lakini aliyekosea ni mimi, na nilipokosea nitapaona mwenyewe."

Kesho yake akapanda basi la kurudi Mbeya, daftari magotini. Njia nzima alijisumbua akili. Angekuwa amekosea baki mahali? Lakini kila moja aliihakiki mara mbili. Angekuwa ameruka namba? Lakini daftari jekundu lilikuwa na tiki kila mahali. Tiki aliziweka lini? Aliziweka Jumapili, wakati wa kuorodhesha, kabla ya kugawanya. Gari lilikuwa linaingia Makambako alipoyafikiria hayo, na vidole vyake vikaenda vyenyewe kwenye karatasi moja ya daftari iliyokuwa nene kuliko nyingine.

Alijua. Lakini mtu anaweza kujua jambo na bado akazunguka mbuyu. Alipofika Iyunga alitumia wiki tatu nzima kurudia kurasa nyingine, kuanzia kumi na saba, akijifanya mtafiti. Kila baki ilikuwa sahihi. Yusta aliita kutoka upande wa pili, "Umerudi Iringa, mzee? Wanasemaje kwetu?" Akakohoa. Usiku hakuogopa namba. Aliogopa yale majina, na mwandiko wa siku ambayo alitaka isiwe imetokea. Hata hivyo kile kigawo kilikuwa mle ndani na kilikuwa na sura yake, naye hakijui. Hilo lilimwasha kuliko upele.

Asubuhi moja ya Juni, baridi ya Mbeya ikiuma masikio, alibandika birika jikoni. Maji yalipochemka akaishika ile karatasi nene juu ya mvuke, akaipeleka huku na huku polepole, mpaka unga ukalegea na kurasa mbili zikaachana. Wino ulikuwa umetawanyika kidogo. Yote yalisomeka.

9,949, Obeid, kaburi. Lutengano alikaa juu ya kigoda akachukua karatasi chakavu. Alipogawanya ikabaki 5,831. Akaiandika mbele ya jina. Akamkumbuka Obeid akichimba na viatu vya kanisani, kwa kuwa hakupata muda wa kubadilisha. 9,967, Adrian, kaburi: ikabaki 9,654. Adrian ambaye mgongo wake ulikuwa mbovu. 10,007, Mrisho, kuni: ikabaki 4,836. Mrisho mwenye duka alishusha kuni za gari zima, akaondoka kuswali, akarudi kukaa na wafiwa hadi asubuhi. Mambo haya yote Lutengano aliyaona kwa macho yake siku ile, na hakuwa ameyatazama mpaka leo.

Hakukimbia. Tatu kwa siku, kama zamani, na kila jina alikaa nalo. Ijumaa na Jumamosi yalikuwa majina ya wachota maji. 10,133, Batuli mke wa Mrisho: ikabaki 8,168. Jumamosi saa nne asubuhi akafika kwenye mstari wa kumi na nane. 10,139, Yusta, maji.

Aligawanya. Alipofikia hatua ya mwisho alitoa, akatazama, akafuta miwani, akatoa tena. Akarudia yote kwenye karatasi mpya. Kisha akazidisha kinyumenyume, 10,139 mara 65,537, na mabehewa yake matatu yakatoka kwa mpangilio, 664, 479, 643. Mbele ya jina la Yusta akaandika kitu ambacho hakijawahi kuandikwa kwenye daftari lile: sifuri.

Hata hapo udadisi haukumwacha. Ile 65,537 aliitazama akaona anaifahamu: ukizidisha mbili kumi na sita kwa pamoja unapata 65,536, na hii imezidi moja tu. Akacheka peke yake. Halafu akalia, kwa sababu alikuwa ameshageuza kichwa kuelekea mlango wa jiko, akingoja aulizwe.

Akajifuta, akachukua daftari, akazunguka ua.

Yusta alikuwa anapanga mikungu ya ndizi uani kwake. "Kamwene, mama," alisema Lutengano, na Yusta nusura aangushe mkungu, maana kwa karibu miaka minne hakuwahi kusalimiwa yeye kwanza, sembuse kwa lugha ya kwao.

"Kamwene, mzee. Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi." Alilifunua daftari juu ya meza yake ya ndizi, akaweka kidole. "Uliandikwa hapa."

Yusta alijipangusa mikono kwenye kanga, akasoma akifuatisha kwa midomo. "Huu si mwandiko wa Joachim? Maji. Ah." Akainua macho. "Si ulisema lilipotea?"

"Nilidanganya. Niliubandika ukurasa nisiuone, halafu nikalificha. Hizi namba zilikuwa zangu, Yusta, na ninyi mkaandikwa juu yake. Nimegawanya namba moja miaka yote hii kwa namba nyingine zaidi ya elfu mbili na mia nane, zote zimeshindwa. Iliyoweza ni hii yako."

Yusta alikuwa hajui kitu kuhusu vigawo. Lakini aliishi nyumba ya pili, na ile sauti ya jioni alikuwa ameisikia kama kila mtu. "Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "haijabaki?"

"Haijabaki."

Kuku wa Yusta akapita katikati yao.

"Ulichota ndoo ngapi siku zile?" Lutengano aliuliza. Kalamu ilikuwa tayari mkononi.

"Mzee, nani anahesabu ndoo kwenye msiba?"

Lutengano aliitazama kalamu yake, akairudisha mfukoni. "Ndaga fijo," alisema kwa lugha yake mwenyewe. "Asante, mama. Asante sana. Nimechelewa."

"Umechelewa kweli," Yusta alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Sasa unakwenda wapi na hilo daftari?"

"Kwa Obeid. Halafu kwa Adrian. Bado wamebaki kumi na tisa."

Yusta alivuta kigoda, akakipangusa vumbi kwa kanga, akakiweka karibu na jiko.

"Haya," alisema, "njoo ule kwanza."